Taa ya gari ilipovunjika, lawama zikaenda nyumba ya jirani

Ilikuwa Jumamosi saa 11 jioni katika mtaa mmoja wa Tabata, Dar es Salaam. Baba wa watoto wawili alitoka ndani akiwa ameshaoga, funguo mkononi, tayari kwa kazi ya usiku. Gari lake, Toyota IST, lilikuwa chini ya mwarobaini, hatua chache kutoka getini kwake. Alipozunguka nyuma kutazama matairi, akasimama ghafla. Taa ya nyuma ya kushoto ilikuwa imevunjika na vipande vyekundu vimetapakaa mchangani.

Akatazama huku na huko. Jumamosi jioni mtaa ule huwa haunyamazi. Watoto hucheza chandimu mpaka wasikie adhana ya magharibi, au sauti ya mama mmoja akiita mwanawe akaoge. Siku hiyo hapakuwa na mtoto hata mmoja. Mawe manne ya magoli yalikuwa pale pale, wachezaji hawapo.

Kwa mtu mwingine, taa ya gari ni taa tu. Kwa baba huyu ilikuwa ni mlo wa nyumbani. Gari alilinunua kwa mkopo wa SACCOS na kila mwezi marejesho yanamsubiri. Siku za kazi ni karani katika ghala la vifaa vya ujenzi, na Ijumaa na Jumamosi usiku hubeba abiria wanaoita usafiri kwa simu. Kuendesha usiku huku taa ya nyuma imevunjika ni kujipeleka mwenyewe kwa trafiki, ambako faini inamsubiri, achilia mbali hatari ya kugongwa kwa nyuma gizani. Hesabu ya usiku ule ilikuwa imeshaharibika kabla hajawasha gari.

Akarudi ndani akiwa amefura. Akawaita watoto sebuleni.

"Nani kavunja taa ya gari?"

Mtoto wa kwanza, mvulana wa miaka 11, akasema hajui. Alisema huku akitazama zulia. Mdogo wake wa kike, mwenye miaka sita, akasema kina kaka walikuwa wanacheza mpira. Baba akamuuliza nani alikuwa karibu na gari. Mtoto akafikiri kidogo, kisha akamtaja mtoto wa jirani, kwa sababu ndiye aliyekuwa golini, na goli liko karibu na gari.

Hilo likamtosha baba. Hakuuliza swali la pili.

Jirani mwenyewe ni mama anayepika vitumbua kila alfajiri na kuviuza barazani kwake. Anamlea mwanawe peke yake, mvulana wa miaka tisa. Nyumba hizi mbili zimeishi kama moja kwa zaidi ya miaka minne. Wake hawa wawili wako kikoba kimoja. Maji yakikatika upande huu, ndoo huvuka upande ule. Na kila asubuhi, baba mwenye gari anapowapeleka wanawe shule, mtoto wa mama wa vitumbua hukaa kiti cha nyuma pamoja nao, bila kulipia hata senti.

Jioni ile baba hakupiga hodi. Alimkuta mama huyo uani, akiloweka mchele wa kesho.

"Shemeji, mwanao kanivunjia taa. Na bodi imebonyea. Nataka shilingi 200,000, la sivyo twende polisi."

Mama akainuka, akajifuta mikono kwenye khanga. "Ulimwona akivunja?"

"Alikuwa golini. Mwanangu kasema."

"Kukaa golini ndiyo kuvunja taa?"

Mtoto akaitwa. Akasimama katikati ya watu wazima wawili na kuanza kulia. Aliulizwa mara tatu kama ni yeye. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Baba akasema kilio hicho ni ushahidi tosha. Mama naye uvumilivu ukamwisha. Akasema mtaa mzima unajua watoto wanacheza pale tangu gari hilo halijanunuliwa, na kwamba aliyeegesha gari golini hana haki ya kushangaa mpira ukimfikia. Baba akajibu kuwa gari lilikuwa limesimama, halikumfuata mtu, kwa hiyo kosa ni la aliyelifuata. Sauti zikapanda. Wapita njia wakapunguza mwendo. Watoto wa mtaa, wale waliokuwa hawaonekani, wakawa wanachungulia kwenye kona.

Usiku ule mama wa vitumbua alimchapa mwanawe. Hakumchapa kwa sababu alikuwa na hakika ya kosa. Alimchapa kwa sababu ya aibu, kwa sababu ya zile shilingi 200,000 ambazo hakuwa nazo, na kwa sababu mtoto alikataa kusema neno.

Ugomvi wa namna hii ni wa kawaida sana katika mitaa ambako magari yanalala nje, na mara nyingi kila upande huwa na kipande chake cha ukweli. Mwenye gari ana haki ya kukuta mali yake kama alivyoiacha. Mzazi wa upande wa pili ana haki ya kuuliza ushahidi uko wapi. Shida huanza pale mtu mzima anapotafuta mtu wa kulipa kabla hajajua kilichotokea.

Na wengi hudhani bima itamaliza mambo. Kwa gari lenye bima ndogo, ile ya lazima kisheria, jibu ni hapana. Bima hiyo hulipa madhara ambayo gari lako limewasababishia watu wengine. Haitengenezi gari lako mwenyewe. Bima kubwa ndiyo inayoweza kugharamia uharibifu wa namna hii, na hata hapo kwa kawaida kuna kiasi cha kwanza ambacho mwenye gari hubeba mwenyewe, kwa hiyo taa moja huenda isifikie hata kiwango cha kudai. Baba huyu alikuwa na bima ndogo. Ndiyo maana jicho lake lilikwenda moja kwa moja kwa jirani.

Jumapili ilipita bila salamu. Jumatatu asubuhi kiti cha nyuma kilikuwa na nafasi. Mtoto wa jirani alionekana akitembea kwa miguu kuelekea shule, mkoba mgongoni, akikwepa madimbwi pembeni ya barabara. Gari likampita. Ndani ya gari hakuna aliyesema kitu. Mvulana wa miaka 11 aligeuza uso dirisha la pili.

Mkewe aliliona hilo kwenye kioo. Jioni akamwambia mumewe jambo moja tu: "Huyu wetu tumemuuliza vizuri?"

Mume akasema alishamuuliza na akajibu kuwa hajui. Mke akasema, "Ulimuuliza ukiwa umeshika mkanda?" Hakuwa ameshika mkanda. Lakini wote wawili walijua maana yake. Miezi michache nyuma, mtoto huyo huyo alipoangusha simu ya baba yake na kioo kikapasuka, alichapwa kabla hajamaliza kueleza. Na siku gari lilipoletwa nyumbani, baba aliwakusanya watoto na kuwaambia kuwa atakayeligusa atamtambua.

Usiku huo huo, baada ya isha, mjumbe wa mtaa aliwakutanisha wazazi. Ni mzee aliyekaa Tabata miaka mingi na ameshasuluhisha ugomvi wa maji, wa kuku na wa kuta. Baba alitaka waanze na suala la fidia. Mzee akasema kwanza waende kwenye gari, akaomba tochi ya simu.

Hakuuliza nani. Aliuliza gari lilikuwa limeelekea wapi siku ile. Siku zote huegeshwa nje ya geti, ubavu kwa ukuta. Kwa nini Jumamosi lilikuwa chini ya mwarobaini? Baba akasema jua lilikuwa kali, alitaka kivuli. Mzee akapiga hatua kutoka kwenye mti hadi kwenye mawe ya goli. Zilikuwa hatua tatu. Taa iliyovunjika ilikuwa imetazama uwanjani.

"Golikipa anasimama hapa, mgongo kwa gari," mzee akasema. "Mpira unaovunja taa umetoka kwa anayefunga. Haukutoka kwa anayedaka."

Kisha akamulika bodi. Pale palipobonyea, rangi ilikuwa imebanduka na kutu imeshaanza kuingia. Mzee hakusema neno, alimulika tu kwa muda. Baba akakiri mwenyewe kuwa hapo paligongwa na bajaji wiki kadhaa nyuma. Katika hasira za Jumamosi, alikuwa amelibandika na hilo kwa mtoto wa jirani. Lile dai la shilingi 200,000 likapungua nusu nzima hapo hapo.

Mzee akamalizia na neno la polisi. Kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, mtoto wa chini ya miaka 10 hawajibiki kwa kosa la jinai. Aliyefika 10 na hajatimiza 12 huwajibika tu ikithibitika kuwa alikuwa na uwezo wa kuelewa kuwa anachofanya ni kosa. Na mpira uliokwenda kombo wakati wa mchezo ni ajali. Kumtishia mtoto wa miaka tisa kwa polisi ni kumtia hofu bure. Kama kuna fidia, hiyo ni habari ya watu wazima kukaa na kuongea nani alizembea wapi, na mwenye gari aliyeegesha hatua tatu kutoka golini naye ataulizwa.

Baba alirudi nyumbani kimya. Alimkuta mwanawe amekaa kitandani, sahani ya chakula haijaguswa. Mama alikuwa pembeni yake. Mtoto alianza kulia kabla hajaulizwa.

Ni yeye aliyepiga shuti. Mpira haukuwa ule wa makaratasi na kamba, ulikuwa wa ngozi, zawadi ya mjomba kwa mtoto wa jirani. Golikipa aliruka, akaukosa, ukaenda kwenye taa. Watoto wote walikimbia. Yeye alirudi kumwambia mwenzake asiseme, kwa sababu baba atamchapa. Yule mdogo akaahidi, na akatimiza ahadi yake mbele ya mama yake, mbele ya baba wa mwenzake na mbele ya fimbo.

Baba aliuliza swali moja. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema atakayeligusa utamtambua."

Wazazi wengi wangependa kusikia kwamba watoto huficha kwa sababu ni waongo. Mara nyingi mtoto huficha kwa sababu amepiga hesabu. Anajua kusema kweli kutamletea nini, na anajua kunyamaza kutamletea nini, kisha anachagua kidogo. Mzazi ndiye aliyempangia bei hizo, bila kujua, siku ya simu, siku ya glasi, siku ya chumvi iliyomwagika. Ukweli ukiwa ghali kuliko uongo ndani ya nyumba, mtoto atanunua uongo. Na wakati mwingine mtoto wa mwingine ndiye atakayeulipia.

Jumanne jioni baba alivuka tena kwenda kwa jirani, safari hii na mwanawe. Alipiga hodi mara tatu na kusubiri aitikiwe. Akiwa amesimama, mbele ya watoto wote wawili, akasema kuwa alikosea. Alisema taa ilivunjwa na mwanawe, bodi ilibonyea zamani, na gari aliliegesha mwenyewe mahali pasipofaa. Mwanawe naye akaomba radhi kwa mwenzake, kwa sauti ndogo isiyosikika vizuri, ikabidi arudie.

Mama wa vitumbua alisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Shemeji, hela haikuwa tatizo langu kubwa. Tatizo langu ni fimbo nilizompiga mwanangu kwa neno lako. Hizo utazilipaje?"

Baba hakuwa na jibu. Mama hakumngojea ajibu. Akamgeukia mwanawe, akampiga magoti mbele yake, akamwambia kuwa na yeye alikosea, alimchapa bila kujua. Mtoto alitazama chini. Huenda ilikuwa mara yake ya kwanza kuona watu wazima wawili wakikubali kosa siku moja.

Kuhusu malipo, hesabu ilikuwa fupi. Taa iliyotumika ilipatikana Gerezani, Kariakoo, kwa shilingi 70,000, na fundi akachukua 15,000 kuifunga. Mama wa vitumbua alitoa noti ya 10,000, akasema mpira ulikuwa wa mwanawe. Baba akakataa kuipokea. Mvulana wa miaka 11 alileta kibubu chake. Ndani mlikuwa na shilingi 8,400. Baba alichukua 5,000 na kumrudishia zilizobaki. Mke alidhani atamsamehe zote, lakini baba akasema mtoto aliyevunja kitu lazima ahisi kidogo uzito wake. Kwamba ni ajali hakumaanishi kwamba hakuna kinachogharimu. Tofauti ni kwamba safari hii mtoto alilipa akijua analipa nini, na akiwa hana alama mgongoni.

Yapo mambo madogo ambayo yangeiokoa nyumba hii na wiki ile ya maumivu, na mzazi yeyote anaweza kuyafanya. Ukikuta gari limeharibika, lipige picha kabla hujaliondoa, picha ya karibu na ya mbali, ionekane limeegeshwa wapi. Tenganisha jeraha jipya na la zamani kabla hujataja kiasi cha fedha. Waulize wanao kwanza, mmoja mmoja, ukiwa umekaa, na swali liwe "ilikuwaje?" badala ya "nani?" Anayeulizwa nani hutafuta jina la kutaja, hasa akiwa na miaka sita. Anayeulizwa ilikuwaje husimulia, na ndani ya simulizi mambo hujitokeza. Usivuke kwa jirani siku hiyo hiyo kama bado mikono inatetemeka. Mkikubaliana malipo, yaandikwe kwenye karatasi, kila mmoja atie saini mbele ya mjumbe, ili kesho mtu asikumbuke kiasi kingine.

Na kwa upande wa anayeshutumiwa, usimwadhibu mtoto ili kumridhisha mlalamikaji. Kuuliza ushahidi hakumaanishi kumtetea mtoto katika ubaya. Mtoto wa miaka tisa aliyesimama katikati ya uani jioni ile hakuwa na wakili mwingine zaidi ya mama yake.

Nyumba hizo mbili hazikurudi kama zamani kesho yake. Vitumbua vilianza kuvuka tena baada ya wiki mbili hivi. Mtoto wa jirani alirudi kwenye kiti cha nyuma, lakini kwa muda mrefu alikuwa anakaa upande wa mlango na kuongea akiulizwa tu. Zamani ndiye aliyekuwa akiimba njia nzima. Gari siku za Jumamosi huegeshwa ndani, baada ya banda la kuku kusogezwa kwenye kona, kazi iliyochukua asubuhi moja na ambayo ingeweza kufanywa mwaka mzima uliopita. Mawe ya magoli yako pale pale.

Karibu na mwisho wa muhula, mvulana wa miaka 11 alipasua kioo cha dirisha la jikoni. Baba yake alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini, hajavua viatu. Mtoto alimfuata mlangoni, akasimama mbali kidogo, akasema, "Baba, nimepasua kioo."

Baba alinyamaza kidogo. Kisha akakaa kwenye kiti, akaanza kufungua kamba za viatu, akauliza, "Ilikuwaje?"